Somo: Majira ya mwaka na moyo mzito

Katika somo hili tunaangalia jinsi majira yanavyogusa moyo, na jinsi desturi zetu zinavyoongeza mzigo huo au kuupunguza.

Je, ni jua tu?
Mwaka 1984, Dkt. Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila mwaka wakati wa baridi, mwanga unapopungua. Lakini mwaka 1993 watafiti wa Iceland, ambako giza la baridi ni refu zaidi, walikuta ugonjwa huo ni mdogo kwao kuliko mashariki mwa Marekani. Basi mwanga si sababu pekee.

Hapa Mokambo, mpakani na Zambia, mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa karibu saa moja na nusu tu. Hata hivyo, kuna miezi ambayo waliohama makwao husema "mawazo ni mengi", usingizi unapotea, chakula hakipiti. Kwetu majira huuma kwa sababu ya yale ambayo desturi inamtaka mtu ayafanye wakati huo.

Kalenda ya moyo
- Tarehe 1 Agosti: Siku ya Wazazi. Asubuhi watu husafisha makaburi. Aliyekimbia vita vya Manono, Mitwaba au Pweto hawezi kulifikia kaburi la mamaye.
- Septemba: masomo yanaanza. Mzazi anatafuta sare na madaftari.
- Novemba: mvua inaanza. Kila mtu anashika jembe. Asiye na shamba anajiona si kitu.
- Desemba: Noeli na Bonane. Jamaa wametawanyika.
- Januari na Februari: chakula ni haba kabla ya mavuno, na malaria ni nyingi.

Hatari kwa amani
Mwenyeji anamwona jirani amekaa mlangoni wakati wa kulima, anamwita mvivu. Mwingine anasema amelogwa, na mlozi anaanza kutafutwa. Hapo ugonjwa wa mtu mmoja unakuwa ugomvi wa mtaa mzima.

Tufanye nini?
1. Viongozi, ketini na akina mama, akina baba na vijana, mwandike kalenda yenu ya miezi migumu.
2. Tarehe 1 Agosti, waliokosa makaburi wakutane pamoja na wenyeji, wataje majina ya marehemu wao.
3. Kabla ya mvua, mwoneni chifu juu ya kipande cha shamba cha kulima pamoja na wenyeji.
4. Anzisheni vikundi vya kusikilizana. Kusini mwa Uganda, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30. Katika nusu yake, wagonjwa wa huzuni walikutana kila juma kwa majuma 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walipata nafuu kuliko wale wa vijiji vingine.

Huzuni ikizidi majuma mawili na mtu ameshindwa na kazi zake, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata usiku mmoja.

Maswali ya kujadiliana
- Ni mwezi gani mgumu zaidi nyumbani kwenu? Kwa nini?
- Ni desturi gani ya kwenu inayotuliza moyo, nayo inaweza kufanyika hapa?
- Nani katika mtaa wetu ameitwa mvivu, kumbe anaumwa?