Nitamjuaje dereva mzuri?

Swali: Nataka kuajiri dereva wa Hiace ya kubeba wanafunzi hapa Dar es Salaam. Mmoja anajisifu kwa miaka mingi barabarani na kuwahi kufika. Nimpime vipi?

Jibu: Anza na leseni. Daraja D ni la magari binafsi. Wa abiria anahitaji daraja C. Kisha panda naye gari saa ya foleni, ukae kimya umtazame.

Je, kabla ya kuwasha alizunguka gari kukagua matairi na taa? Njiani, angalia mguu wake. Anayekanyaga breki za ghafla kila mara haoni mbali. Mzoefu huachia mafuta mapema, abiria wasiyumbe. Angalia pia nafasi anayoacha mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde, na sekunde nzima yaweza kupita kabla hajagusa breki. Kwenye kivuko cha pundamilia, anasimama au anapiga honi?

Simu ikilia akapokea, usimwajiri. Miaka mingi yaweza kuwa ya mazoea mabaya tu, na kuwahi si sifa kwa anayebeba watoto.