Mama Akichanganyikiwa Baada ya Kujifungua

Mama hajalala tangu juzi. Mtoto ametulia, ila usingizi wenyewe umekataa kuja. Anazungumza haraka haraka, anasikia sauti msizozisikia, au anasema mtoto huyu si wake. Asubuhi huenda akaonekana mzima, jioni akachanganyikiwa tena. Msingoje atulie. Hii ni dharura sawa na kutokwa damu nyingi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Huugua hivi mama 1 au 2 kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza. Hakurogwa, wala hakulaaniwa. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili uitwao baipola, au kuugua hivi katika uzazi uliopita, yuko hatarini zaidi, ingawa wengine hupatwa bila historia yoyote.

Walio Lodwar waende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kakuma kuna hospitali ya misheni, na katika kambi ya wakimbizi kuna hospitali ya Ammusait. Mkiwa mbali, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii awasaidie kupanga safari. Hospitalini mama atapimwa malaria, shinikizo la damu na maambukizi ya kizazi, kwa kuwa malaria iliyopanda kichwani nayo huvuruga akili, na huua upesi. Ombeni, ndiyo, lakini ombeni mkiwa njiani.

Mtoto asiachwe peke yake na mama, hata kidogo. Nyanya au shangazi ambebe. Mama amwone na kumgusa akiwa na mtu kando. Na yeye mwenyewe asiachwe peke yake, maana anaweza kujidhuru. Msimfunge kamba. Kamba humjeruhi na kumzidishia hofu.

Dawa kama haloperidol au olanzapine hutuliza mawazo na kurudisha usingizi. Wengi hupona kabisa, japo huchukua wiki au miezi. Akijisikia vizuri asiache dawa. Daktari ndiye atakayesema aziache lini. Aulizwe pia kuhusu kunyonyesha: dawa kadhaa huruhusu, lakini lithium hupita kwenye maziwa na kumfikia mtoto.

Baba wa mtoto, nauli ya kurudi kliniki ni sehemu ya matibabu, itenge. Na mimba nyingine ikija, mwelezeni muuguzi mkienda kliniki mara ya kwanza kwamba mama aliwahi kuugua, ili kinga ipangwe kabla hajajifungua.