SOMO: DEREVA ALISINZIA. NANI AJIBU?

Ndugu zetu wa mtaa huu, wengi wetu tukaao Temeke twayajua malori kwa ngurumo zake za usiku. Hutoka bandarini, hushika Barabara ya Mandela kupitia Buguruni na Tabata hadi Ubungo, na huko wenzetu huyaona yakielekea Morogoro. Mengine huenda mpaka Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 900. Katika ibada zetu wamo madereva, wamo utingo, wamo wenye malori, na wamo waliofiwa barabarani. Kwa hiyo tumeona vema tujifunze jambo hili pamoja.

Tuchukue mfano. Dereva amefika alfajiri baada ya kuendesha usiku kucha. Mwenye lori anamwambia, "Kontena jingine liko tayari. Pakia uondoke leo leo; ukichelewa, posho huna." Dereva anaondoka. Usiku anasinzia, lori linaacha njia, na mama aliyekuwa akitembea kando ya barabara anafariki. Msibani watu wanasema, "Ni ajali. Dereva alisinzia tu." Neno hilo "tu" ndilo tunalotaka kulichunguza.

1. Dereva

Mtu aliyelala hajui atendalo. Basi kosa lake ni nini? Mwaka 1945 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la mtu aliyetoka kazi ya usiku kiwandani, akasinzia kwenye usukani, akawagonga askari waliokuwa wakienda kwa miguu. Mahakama iliona kwamba kosa lilianza kabla ya usingizi. Usingizi huja kwa dalili. Macho yalipoanza kuwa mazito, ilimpasa asimame. Hapa kwetu, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, dereva hushtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe au kwa hatari, na mtu akifa, dereva aweza kufungwa.

2. Mwenye lori

Wengi hudhani dereva akifungwa, mambo yamekwisha. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya kuadhibu. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai. Katika madai, mahakama zetu hufuata kanuni ya siku nyingi: mwajiri hujibu kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa katika kazi aliyomtuma. Hata kama mwajiri alikuwa nyumbani amelala, yeye ndiye aliyelituma lori barabarani na ndiye alaye faida yake. Kama dereva angelichukua lori kwa siri kwenda kwenye shughuli zake binafsi, neno lingekuwa jingine.

Tena mwajiri wa mfano wetu ana kosa lake mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huweka saa 9 za kawaida kwa siku, na hata kwa kazi ya ziada zisizidi 12. Mfanyakazi hupewa mapumziko ya saa moja akiwa kazini zaidi ya saa 5, na kwa kawaida saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kuanza kazi tena. Amri ya "leo leo" ilivunja hayo yote.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Biblia. Katika Kutoka sura ya 21, ng'ombe akimwua mtu, huulizwa kama mwenyewe alikwisha kuonywa kuwa mnyama wake hupiga pembe. Kama alionywa asimzuie, mwenyewe naye ana hatia. Basi aliyemwona dereva wake ana macho mekundu, akampa ufunguo, hakuonywa? Na dereva ni bora kuliko ng'ombe, yeye aweza kusema, "Nimechoka." Ole wetu tukimfukuza kazi kwa kusema hivyo.

3. Waliofiwa na walioumia

Kupokea rambirambi si vibaya. Kutia sahihi karatasi usiyoielewa ndiyo hatari. Kila gari hutakiwa na sheria liwe na bima kwa ajili ya madhara ya watu wengine, kwa hiyo andikeni namba ya gari na ulizeni jina la kampuni ya bima. Majeruhi apatiwe fomu ya PF3 polisi. Tafuteni ripoti na mchoro wa ajali, majina ya mashahidi, na tunzeni risiti za hospitali na mazishi. Msikawie, maana muda wa kufungua madai una mwisho wake. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria.

Wengine husema kudai fidia ni kukosa kusamehe. Hatuoni hivyo. Mjane aweza kumsamehe dereva kwa moyo wote, na watoto wake bado wakahitaji chakula na madaftari.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kosa la aliyesinzia huanza kabla hajasinzia?
2. Mwajiri hujibu lini kwa kosa la dereva, na lini hajibu?
3. Kama wewe una lori, dereva wako alilala saa ngapi jana?