Kwa Nini Mtume Paulo Hakubeba Mchango Peke Yake?



Leo fungua Biblia yako kwenye 2 Wakorintho 8, aya ya 16 hadi 24. Sehemu hii tunairuka sana kwa sababu haina neno tamu la kuweka stetasi. Ni habari za hela tupu. Lakini mimi kama katibu wa vijana kigangoni, ndiyo ninayoirudia kuliko zote katika barua hii.

Iko hivi. Wakristu wa Yerusalemu walikuwa na shida, na Paulo aliwachangisha Wakristu wa Makedonia, Akaya na Galatia ili wawasaidie. Sasa nani apeleke? Mtu angedhani Mtume, aliyeanzisha jumuiya zile, angesema "nipeni, nitafikisha." Wapi! Alimtuma Tito, pamoja na ndugu mmoja aliyesifika kwa Injili, na ndugu mwingine tena. Aya ya 19 isome polepole: yule ndugu msifika alichaguliwa na makanisa. Yaani waliotoa waliweka mtu wao safarini. Sababu iko aya ya 20 na 21: Paulo hataki mtu apate la kumlaumu kuhusu fedha ile, na anataka mambo yawe safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia.

Hapo kwenye "mbele ya watu" ndipo tunapokwama. Tunasema "Mungu anaujua moyo wangu," basi, daftari halionekani. Wa Paulo pia Mungu aliujua, na bado ukisoma sura ya 12, aya ya 16 hadi 18, unaona anajibu minong'ono kwamba amewalia watu kwa ujanja. Baadaye, katika Matendo 20:4, Luka anataja watu saba waliosafiri naye, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia. Wataalamu wengi wanaona hao ndio wajumbe wa mchango ule.

Kuna kwaya moja naifahamu, michango ya sare ilikaa kwenye simu ya mwenyekiti. Yeye apokee, yeye aandike, yeye aende kwa fundi. Hakula hata shilingi, maana sare zilikuja na bei yake naijua. Ila simu iliharibika, orodha ikapotea, na maneno yakaanza. Mwenyekiti alikuwa mwaminifu lakini hakuwa na shahidi. Mpaka leo haimbi.

Ndiyo maana sipendi tukisema kuomba taarifa ni kumdharau kiongozi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yenyewe, kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la fedha, na ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini kuhusu vile waamini walivyotoa. Paroko anabaki Paroko, kama Paulo alivyobaki Mtume. Kinachoongezeka ni macho.

Na jamani, si hela tu. Yesu aliwatuma wale Kumi na Wawili wawili wawili (Marko 6:7). Sasa mlezi mmoja anasafiri na watoto wa Utoto Mtakatifu kwenda hija, usiku mzima kwenye basi, hakuna mtu mzima mwingine! Hata awe mtakatifu kiasi gani, safari hiyo isiondoke. Mtoto anahitaji mtu wa pili wa kumkimbilia, na mlezi anahitaji mtu wa pili aliyeona.

Mkutano wenu ujao, someni 2 Wakorintho 8:16-24 kwa sauti kabla ya ajenda. Kisha kila kiongozi ataje jambo moja analolijua yeye peke yake: namba ya siri, funguo za stoo, deni la fundi, orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Kabla ya sala ya kufunga, mchague mtu wa pili kwa kila moja, na katibu aandike majina.