SOMO: Je, Uso wa Mtu Unaweza Kutuonyesha Kama ni Mwaminifu?



Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha mjadiliane. Afadhali lisomwe kabla ya kuchagua viongozi au kabla ya kugawa mikopo, maana ni wakati huo linapohitajika. Swali lenyewe ni hili: tunapomtazama mtu usoni na kusema "huyu ni mwaminifu" au "huyu simwamini", tumeona nini hasa?

Ukitembelea vikundi vya huku kwetu Suneka utasikia maneno haya: "Tumchague huyu awe mweka hazina, ana uso wa upole." Au, "Yule macho yake siyapendi." Hakuna anayeuliza hayo macho yamefanya nini. Neno likishasemwa, na watu wawili watatu wakatikisa kichwa, basi limeshakuwa ushahidi.

Kikundi kimoja cha kina mama kilipokea maombi mawili ya mkopo siku moja, kila moja shilingi elfu kumi. Mwombaji wa kwanza alikuwa na uso wa mviringo, mcheshi, mtu wa kusalimia kila mmoja. Wa pili alikuwa mwembamba, amekunja paji la uso kama mtu aliyekasirika tangu asubuhi. Wa kwanza alikubaliwa papo hapo. Wa pili akaambiwa alete wadhamini wawili. Na daftari lilikuwa pale pale mezani, limefungwa! Nilimwomba katibu alifungue asome kwa sauti. Ikaonekana yule mcheshi hajaweka akiba miezi mitatu na bado ana deni la zamani. Yule mwenye uso mkali hajakosa wiki hata moja, na mikopo yake miwili aliilipa kabla ya siku. Watu walinyamaza. Halafu mama mmoja mzee akasema, "Kumbe tumekuwa tukimpima kwa paji la uso." Baadaye yule mama alienda kupimwa macho, ikajulikana kwamba haoni vizuri vitu vya mbali. Alikuwa anakunja uso ili atuone.

Msidhani jambo hili ni la watu wa vijijini tu. Mwaka 2006, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton kule Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua. Wengine walionyeshwa picha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani kufumba na kufumbua. Hata hivyo walikuwa tayari kusema nani ni wa kuaminika na nani sio. Wengine walipewa muda mrefu zaidi, lakini hukumu zao hazikutofautiana sana na za wale wa haraka. Kilichoongezeka ni uhakika tu. Yaani mtu anapotazama zaidi, hapati ukweli mpya. Anazidi kujiamini katika kile alichoamua mwanzoni. Jambo hili mlikumbuke, tutalirudia.

Ni nini katika uso kinachotufanya tuamue hivyo? Wataalamu walipounda nyuso kwa kompyuta na kuzibadilisha kidogo kidogo, waliona kwamba uso ambao nyusi zake zimeshuka katikati na pembe za mdomo zimeinama huonekana si wa kuaminika. Uso ambao nyusi zimeinuka upande wa ndani na pembe za mdomo zimepanda kidogo huonekana wa mtu mwema. Mnaona? Wa kwanza unafanana na mtu mwenye hasira, wa pili na mtu mwenye furaha, hata kama wote wawili wametulia tu. Mtu aliyezaliwa na nyusi nzito zilizoshuka tunamsoma kama mwenye hasira wakati hana hasira na mtu. Pia mtu mzima mwenye macho makubwa, uso wa mviringo na kidevu kidogo hutukumbusha mtoto mchanga, nasi humwona hana hila. Tena tabia hii huanza mapema: watoto wa miaka mitatu na minne wanapoonyeshwa nyuso wakaulizwa nani mwema na nani mbaya, majibu yao hukaribiana sana na ya watu wazima.

Hapo ndipo tunapodanganyika. Tukiwa kumi na tano kikundini na wote tunasema uso fulani si mzuri, tunadhani wingi wetu ni ushahidi. Kumbe tunakubaliana kwa kuwa macho yetu yote yanafanya kosa la aina moja. Wako watafiti waliosema uso una chembe ya ukweli ndani yake, na wako waliopima wakakuta hakuna kitu. Mimi nasema hivi: hata kama chembe hiyo ipo, ni ndogo mno kukabidhiwa pesa za watu thelathini.

Mahakamani pia uso umewaponza watu. Katika jimbo la Florida, Marekani, watafiti John Paul Wilson na Nicholas Rule walichukua picha za wafungwa waliopatikana na hatia ya kuua. Baadhi walikuwa wamehukumiwa kifo, wengine kifungo cha maisha. Watu wasiojua lolote kuhusu kesi hizo waliombwa waseme nyuso zipi zinaaminika. Mwaka 2015 matokeo yalichapishwa: wenye nyuso zilizoonekana haziaminiki ndio waliokuwa wamehukumiwa kifo mara nyingi zaidi. Wakatazama pia watu waliofungwa kisha ikathibitishwa baadaye kwamba hawakuua. Hata kwao ikawa vile vile. Watu wasio na hatia, na uso bado ukawaongezea adhabu.

Upande wa pili wa jambo hili mnaujua wenyewe. Mkora hodari haji na uso wa mkora. Mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika ile michezo ya kupanda pesa, ambapo unaambiwa weka kidogo, baada ya muda mfupi utavuna mara nyingi. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza ilikuta hasara ya zaidi ya shilingi bilioni nane. Walioleta michezo ile vijijini walikuwa watu nadhifu, wapole, wenye kutabasamu, na mara nyingi walijulishwa na mtu tunayemjua. Watu wa pwani husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wenye nyuso kali, nafikiri, wangefukuzwa siku ya kwanza!

Mpaka hapa tumezungumza juu ya pesa. Lakini kuna uso ambao ukisomwa vibaya, mtu hufa. Nao ni uso wa mama mzee.

Lazima tuseme waziwazi, maana ni kwetu. Mei 2008, hapa Kisii, umati uliwachoma moto wazee 11 kwa kuwashuku uchawi, wengi wao kina mama. Tarehe 17 Oktoba 2021 kule Marani, kina mama wanne wa umri kati ya miaka 57 na 83 waliuawa kwa madai kwamba walimroga kijana mwanafunzi. Mambo kama haya yana mizizi mingi: ugonjwa usioeleweka, kifo cha ghafla, na mara nyingi shamba ambalo mtu fulani analitaka. Lakini uvumi unahitaji kitu cha kuonyesha kwa kidole, na kitu kilicho karibu ni sura. Jirani zetu wa Tanzania wanalijua hili vizuri. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kina mama wazee wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa.

Sasa tujiulize. Mama aliyepika kwa mafiga matatu miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yawe na rangi gani? Na zaidi ya moshi, kuna ugonjwa wa trakoma, ambao hukunja ukope mpaka kope zinakwaruza jicho; mtu huyo hulia machozi kila wakati na kukwepa mwanga. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingo unaoweza kuyatokeza macho nje kama mtu anayekukodolea. Kiharusi huuvuta mdomo upande mmoja. Ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, uitwao Pakinsoni, huukausha uso ukawa kama kinyago: mama anafurahi kukuona lakini uso haucheki, nawe unaenda nyumbani ukisema "siku hizi ananichukia." Halafu kuna kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Mzee anatoka nje usiku, anasimama kwenye boma la jirani, anaongea peke yake, akiulizwa hajui alifikaje. Watu humaliza kesi hapo hapo. Huyo anahitaji mtu wa kumshika mkono amrudishe kitandani, na asubuhi apelekwe hospitali.

Kikundi kinaweza kufanya mambo hapa. Mtembeleeni mzee mwenye macho mabaya mkampeleke kituo cha afya. Mjengeeni jiko la kuokoa kuni lenye bomba la kutolea moshi, toboeni dirisha jikoni, mletee kuni zilizokauka. Jiko moja linagharimu kidogo kuliko sherehe ya kufunga mwaka. Na mtu akianza kumtaja mama wa watu kuwa mchawi mbele ya mkutano, mwenyekiti amkatize hapo hapo. Kumsingizia mtu uchawi kuliwekwa kuwa kosa na Sheria ya Uchawi ya Kenya tangu mwaka 1925. Mkisikia vijana wanapanga jambo, pigieni naibu wa chifu usiku huo huo, msingoje asubuhi.

Tukirudi kwenye vikundi: kama uso hautufai, tutumie nini? Wazee wa Abagusii hawakuwa wajinga. Kijana alipotaka kuoa, uzuri wa msichana haukutosha, wala umbo la kijana halikutosha. Kulikuwa na esigani, mjumbe wa katikati, aliyeenda kuulizia: hawa watu wakoje, wanafanya kazi, wanalipa madeni, wanaishije na majirani? Ni kweli esigani naye aliweza kurudi na uvumi, hata uvumi wa uchawi, na nyumba nzima ikakataliwa bure. Kwa hiyo tuichukue njia yake kwa uangalifu. Mtu mgeni akiomba kujiunga, tumeni watu wawili wakaulize kikundi alichotoka: aliweka akiba kiasi gani, alikopa, alilipa lini, aliondoka kwa nini. Waulize alifanya nini. "Yukoje" ni swali linalomleta uso wake tena mlangoni.

Kwa waombaji wa mkopo, kamati isome kwanza daftari la mahudhurio, akiba na marejesho, iandike maoni yake kwenye karatasi, ndipo mwombaji aingie. Mkianza na mtu kisha daftari, mtalisoma daftari kwa macho yaliyokwisha kuamua. Kumbukeni wale wa Princeton: muda zaidi uliwaongezea uhakika tu.

Na sanduku. Utaratibu wa kuweka na kukopeshana unaotumika katika vijiji vingi vya Afrika ulianzishwa na shirika la CARE kule Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kina mama ambao wengi hawakujua kusoma. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, kiasi kinatajwa kwa sauti, na mkutano unaofuata unaanza kwa kuuliza wanachama wanakumbuka kiasi gani. Kuna kina mama wanaoona utaratibu huu ni matusi: "Kwani hamniamini?" Mwambieni mama huyo kwa heshima kwamba kufuli zinamlinda yeye kwanza. Siku pesa zikipungua, mweka hazina mwenye uso mkali ndiye atakayeshukiwa wa kwanza, hata kama hakugusa kitu.

Vikundi vinavyoweka pesa kwenye simu viangalie hapa. Kama laini ni ya mtu mmoja na namba ya siri anaijua peke yake, hamna kufuli tatu, mna uso mmoja tu.

MASWALI YA KUJADILI

Je, kikundi chetu kimewahi kumnyima mtu mkopo au uongozi bila sababu iliyoandikwa? Tuisome ile siku katika kumbukumbu za mkutano, sio kwa kukumbuka.

Je, katika mtaa wetu kuna mzee ambaye watoto wameambiwa wasipite kwake? Nani alimtembelea mara ya mwisho? Macho yake, kusikia kwake na kumbukumbu yake vimepimwa?

Zoezi: Kila mmoja alete kitambulisho chake cha taifa pamoja na picha nyingine aliyopigwa siku ya furaha, ya harusi au ya ubatizo. Ziwekwe mezani bila majina, kisha kikundi jirani kiseme nani wangemkopesha. (Picha za vitambulisho, mnajua wenyewe, sote tunafanana na watu wanaotafutwa na polisi.) Hesabuni ni mara ngapi mtu yule yule amekubaliwa kwa picha moja na kukataliwa kwa nyingine, na mtuletee hesabu hiyo kabla ya toleo lijalo.