Je, Pumzi Yaweza Kukuambia Una Ugonjwa wa Mionzi?

Tazama saa, hesabu pumzi zako kwa dakika moja. Umepata ngapi? Kijana mwenye afya akiwa ametulia huhema mara 12 hadi 20 hivi. Wapo wanaodhani kwamba mtu akipigwa na mionzi, pumzi ndiyo itakayomfichua mapema. Sivyo, rafiki yangu, na ukingoja pumzi utakuwa umechelewa.

Sikiliza yaliyotokea mjini Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Tarehe 13 Septemba watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani kwenye kliniki iliyohamwa, wakauze chuma chakavu. Siku ileile wakaanza kutapika. Wakadhani ni chakula! Mmoja alipokwenda kutibiwa, naye akaambiwa hivyo hivyo, chakula kimemdhuru. Kumbe ndani ya chuma kile mlikuwa na seziamu-137. Mnunuzi aliona kitu kinang'aa buluu usiku, akakifurahia, akawagawia ndugu na marafiki. Mtoto wa miaka 6 alikula akiwa na unga ule mikononi. Mke wa mnunuzi ndiye aliyeshtuka: mbona tunaumwa wote kwa pamoja? Tarehe 28 akapeleka mabaki kwa wataalamu wa afya, kwenye mfuko, ndani ya basi. Watu wanne walikufa, yeye na mtoto yule wakiwemo.

Basi daktari huuliza kwanza saa ya kutapika. Ukitapika kabla ya saa moja kupita tangu upigwe, dozi huenda ni kubwa sana. Baada ya saa mbili au zaidi, huenda ni ndogo. Kisha hupima damu, tena na tena, maana chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti hupungua ndani ya siku moja au mbili.

Na mapafu je? Huumia, lakini kikohozi kikavu na kuhema haraka haraka huja baada ya wiki kadhaa, hata miezi. Ukihema mbio leo, fikiria kwanza pumu, nimonia, au (tusidanganyane) woga wa mtihani.

Ukikuta kifaa chenye alama ya mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano, usikiguse. Kaa mbali, waite polisi. Umeshakigusa? Vua nguo za nje, oga kwa sabuni, nenda hospitali umtajie daktari saa uliyokigusa na saa uliyoanza kutapika.