Unga wa Maua ya Mtufaha Hufika Umbali Gani?

Wanachama wenzetu, mara hii twatoka kidogo katika mikarafuu tutazame shamba la matufaha. Tufaha tulisemalo ni epo la nchi za baridi, si tufaa la hapa kwetu.

Sisi twachuma karafuu kabla ua halijafunguka. Likifunguka, daraja limeshuka. Mwenye matufaha ni kinyume chetu. Ua lake lisipofunguka na kupata unga wa ua jingine, yaani chavua, hapati tunda.

Tena si chavua yoyote. Aina nyingi za matufaha hazizai, au huzaa haba, kwa chavua yao wenyewe. Na kwa kuwa aina huzidishwa kwa kubebesha, miti yote ya aina moja ni kama mti mmoja. Mtu akipanda Cox's Orange Pippin elfu moja peke yake, maua yatajaa shamba na matunda yatakuwa machache. Sharti awe na miti ya aina nyingine inayochanua siku zile zile. Hiyo ndiyo miti michavushaji.

Basi iwe mbali kiasi gani? Chavua ya mtufaha ni nzito na hunata. Upepo hauichukui mbali. Mchukuzi wake ni nyuki, na nyuki hapendi safari ya bure. Akikuta mti umejaa maua hukaa hapo, kisha huenda mti wa jirani, mara nyingi katika safu ile ile. Kila atuapo, chavua aliyotoka nayo hupungua. Kwa hiyo miti iliyo karibu na mchavushaji huzaa vizuri, na ya mbali huzaa kidogo. Chavua chache hufika mbali zaidi, lakini haba hiyo haijazi kibaba.

Wakulima hao hushauriwa kwamba mti wowote usiwe mbali na mchavushaji kupita futi 50, yaani mita 15 hivi. Mpango wa zamani ni huu: kila mti wa tatu katika kila safu ya tatu uwe mchavushaji, yaani mmoja katika tisa.

Yafaa kuangalia mambo mawili. Kwanza, aina ya Bramley's Seedling ya Uingereza haifai kuwa mchavushaji, kwani chavua yake ni dhaifu. Pili, siku ya baridi kali nyuki hawatoki, hata mti ukiwa karibu.

Fundisho kwetu ni nini? Mwenye matufaha akikosea siku ya kupanda, hasara huiona miaka baadaye. Nasi ni vivyo hivyo. Mche wa mkarafuu hutoka katika mbegu. Basi tuchague mti mzazi wenye afya na mazao mengi, tuyaache matunda yake yaive, na mbegu tuzipande upesi, maana hazikai.